Jinsi ya kupiga hesabu za timu yako kufuzu robo fainali ya Afrika

Asubuhi ya Machi 16, 2019, msimamo wa Kundi D la Ligi ya Mabingwa Afrika ulisomeka hivi: JS Saoura ya Algeria alama 8, Al Ahly ya Misri 7, AS Vita ya Kinshasa 7, Simba ya Dar es Salaam 6. Simba ilikuwa inaburuza mkia, tena ikiwa na tofauti ya mabao ya hasi 8, kwa sababu ilikuwa imekula tano Misri, tano Kinshasa na mbili Algeria. Ukiutazama msimamo ule peke yake, unazima redio. Lakini aliyekaa na kalamu aliona kitu kingine: Simba ikiifunga Vita pale Uwanja wa Taifa, inapita, hata Al Ahly na Saoura wafanyane nini. Ikashinda 2-1, Clatous Chama akafunga dakika za mwisho, ikapita.

Mwongozo huu ni wa kuiona hali kama ile kabla mpira haujaanza. Unafaa kwa makundi ya Ligi ya Mabingwa na ya Kombe la Shirikisho, ambako timu nne zinacheza mechi sita kila moja na mbili za juu zinakwenda robo fainali. Vifaa ni karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.

Andika matokeo yote, usinakili msimamo

Kosa la kwanza linaanzia hapa. Watu hufungua programu ya matokeo kwenye simu, wanachukua alama na tofauti ya mabao, wanaanza kubishana. Msimamo huo haukuonyeshi nani kamfunga nani, na kwa CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, hilo ndilo linaloamua.

Chora mistari ya mechi zote zilizochezwa, na kila mechi iandike kwa mpangilio wa mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, na idadi ya mabao. Kundi zima lina mechi 12, kwa hiyo kabla ya raundi ya mwisho utakuwa na mistari 10. Ni kazi ya dakika tano. Mabao ya ugenini yapigie mstari chini, yanaweza kuhitajika baadaye.

Jua kanuni ya kutenganisha timu zenye alama sawa

Mashabiki wengi wamelelewa na Ligi Kuu ya England, ambako alama zikilingana kinachotazamwa kwanza ni tofauti ya mabao ya msimu mzima. CAF haifanyi hivyo kwenye makundi yake. Timu zikifungana kwa alama, mpangilio unakwenda hivi:

1. Alama walizopata katika mechi za wao kwa wao.
2. Tofauti ya mabao katika mechi hizo hizo.
3. Mabao ya kufunga katika mechi hizo.
4. Mabao ya ugenini katika mechi hizo.
5. Hapo ndipo inakuja tofauti ya mabao ya kundi zima, kisha mabao ya kufunga ya kundi zima.

Kanuni za mashindano huchapishwa upya, kwa hiyo soma toleo la msimu husika kabla hujaweka heshima yako rehani kijiweni. Na usichukue kanuni ya shindano moja ukaipeleka kwenye jingine.

Uzito wa kanuni hii ulionekana msimu wa 2023/24 kwa timu zetu zote mbili. Simba na Wydad walimaliza na alama 9 kila mmoja. Simba ilikuwa imefungwa 1-0 Morocco, ikashinda 2-0 Dar es Salaam, hivyo kwa wao kwa wao inaongoza kwa bao moja. Wydad akabaki nyumbani. Zile 6-0 ilizoipiga Jwaneng Galaxy siku ya mwisho zilileta shangwe, ila kwa hesabu hata 1-0 ingetosha.

Yanga ndiyo mfano wenye mafunzo zaidi. Ilianza kundi kwa kufungwa 3-0 na CR Belouizdad huko Algeria. Februari 24, 2024 wakakutana tena kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, Yanga ikiwa na alama 5, Belouizdad 5, imebaki mechi moja baada ya hapo. Yanga ikishinda inafika 8, na Belouizdad naye anaweza kufika 8 siku ya mwisho. Sasa angalia mabao. Ushindi wa 1-0 au 2-0 unamwacha Belouizdad mbele kwa wao kwa wao. Ushindi wa 3-0 unawaacha sawa kabisa: alama sawa, tofauti sifuri, mabao matatu kwa matatu, ya ugenini hakuna, na kesi inahamia kwenye mabao ya kundi zima, ikingoja siku ya mwisho. Ushindi wa 4-0 unafunga kesi siku hiyo hiyo. Yanga ilifunga la nne. Ilikwenda Cairo kucheza na Al Ahly ikiwa imeshafuzu, ikafungwa 1-0, na halikuharibika neno. Belouizdad naye alimaliza na 8, akatolewa.

Kwa hiyo ukiwa umefungwa bao nyingi katika mechi ya kwanza, andika pembeni ya jina la mpinzani huyo idadi ya mabao ya kulipa na uongeze moja. Namba hiyo ndiyo lengo la marudiano. Na mechi ya ugenini ikishapotea, bao moja la kufutia machozi dakika ya 88 lina thamani kuliko linavyoonekana: kufungwa 3-1 badala ya 3-0 maana yake nyumbani 2-0 inakuweka mbele, kwa bao la ugenini.

Upande wa pili wa shilingi: usidai mabao yasiyohitajika. Januari 18, 2025 Yanga iliikaribisha MC Alger ikiwa na alama 7 dhidi ya 8. Awali ilikuwa imefungwa 2-0 na Waalgeria hao, na palikuwa na watu wakisema lazima zipatikane tatu. Haikuwa kweli. Ushindi wowote ulimpeleka Yanga 10 na kumwacha MC Alger na 8, na pasipo alama sawa hakuna habari ya wao kwa wao. Bao moja lilitosha. Halikupatikana, ikaisha 0-0, Yanga ikatoka na alama 8.

Timu tatu zikilingana

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata watangazaji. Huchukui timu mbili mbili. Unaziweka zote tatu kwenye msimamo mdogo wa pekee, unafuta mechi zote walizocheza na timu ya nne, unahesabu upya alama na mabao.

Chukua mfano wa kubuni. Timu D ina alama 8. A, B na C zina 7 kila moja. Matokeo ya wale watatu: A aliifunga B 2-0 na B ikajibu 1-0, A na C walitoka 1-1 na 0-0, B aliifunga C 1-0 na C ikajibu 1-0. Dhidi ya D, timu A na C zilitoka sare zote mbili, B ilipata sare moja na ikala 3-0.

Simu itakupangia kwa tofauti ya mabao ya jumla: A ana +1, C ana 0, B ana hasi 4. B anaonekana wa mwisho. Sasa fanya msimamo mdogo: B ana alama 6 (ushindi mara mbili), A ana 5, C ana 5. Anayekwenda robo fainali pamoja na D ni B, yule yule mwenye hasi 4. Zile tatu alizokula kwa D hazihesabiwi hapa kabisa.

Msimamo mdogo ukiitenga timu moja na kuziacha mbili zikiwa bado sawa, rudi mwanzo na hizo mbili tu.

Alama ngapi zinatosha?

Swali hili huulizwa kila msimu na hujibiwa kwa "kumi". Kihesabu, alama zinazokupa uhakika kamili ni 13, kwa sababu kundi haliwezi kuzaa zaidi ya alama 36, na timu tatu zenye 13 zingehitaji 39. Simba ilizifikisha 2020/21, ikaongoza kundi mbele ya Al Ahly. Alama 12 zinaweza kukutoa: timu tatu zikishinda kila moja mechi zake za nyumbani na zote zikimfunga kibonde nje ndani, zote zina 12 na moja inarudi kwao. Upande wa chini, timu moja ikishinda zote sita na wengine wakatoka sare tupu, wa pili anaweza kupita na 4.

Katikati ya hapo ni suala la kundi lenyewe. Alama 9 ziliivusha Simba 2019, 2023 na 2024. Hizo hizo 9 zilimtoa Wydad 2024, na zilimtoa ASEC Mimosas katika Kombe la Shirikisho 2021/22, Simba na RS Berkane walipopita na 10. Alama 8 ziliivusha Yanga mwaka mmoja na kuitoa mwaka uliofuata. Anayekuambia timu "inahitaji kumi" kabla hajaona mechi zilizobaki anakupa namba ya kubahatisha.

Chora visanduku tisa

Raundi ya mwisho ina mechi mbili, kila moja ina matokeo matatu: mwenyeji kushinda, sare, mgeni kushinda. Tatu mara tatu ni tisa. Zikibaki raundi mbili ni 81, zikibaki tatu ni 729. Ndiyo maana hesabu za mkono zina maana baada ya mechi ya tano. Kabla ya hapo, tosheka na kujua nani unamzidi kwa wao kwa wao.

Turudi 2019. Mechi ya kwanza ni Simba na Vita, ya pili ni Al Ahly na Saoura kule Misri. Ulihitaji pia matokeo manne ya nyuma: Vita na Saoura walitoka 2-2 Kinshasa, Saoura akashinda 1-0 kwake, Al Ahly alimfunga Vita 2-0, Vita akashinda 1-0 kwake. Visanduku ni hivi:

Simba inashinda:
– Al Ahly anashinda: wanapita Al Ahly (10) na Simba (9).
– Sare: wanapita Simba na Saoura (9 na 9).
– Saoura anashinda: wanapita Saoura (11) na Simba (9).

Simba na Vita sare:
– Al Ahly anashinda: Al Ahly 10, Saoura na Vita 8 kila mmoja, Saoura anapita kwa wao kwa wao.
– Sare: Saoura 9, Al Ahly na Vita 8 kila mmoja, Al Ahly anapita kwa tofauti ya mabao ya wao kwa wao.
– Saoura anashinda: Saoura 11 na Vita 8.

Vita anashinda:
– Al Ahly anashinda: Al Ahly na Vita (10 na 10).
– Sare: Vita 10 na Saoura 9.
– Saoura anashinda: Saoura 11 na Vita 10.

Soma kwa mstari: Simba imo katika visanduku vyote vitatu vya juu na haimo katika kingine chochote. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na hatima mikononi mwako. Sare haikuwa na faida hata chembe, na shabiki aliyekuwa anahangaika na matokeo ya Misri alikuwa anajisumbua bure.

Mitego ya hapa ni miwili. Kwanza, kusahau kwamba mechi iliyobaki baina ya timu mbili ni sehemu ya wao kwa wao. Ukiihesabu mechi ya kwanza tu unatoa hukumu ya nusu kesi. Pili, kutazama visanduku kwa jicho la ushabiki, yaani kuandika vile unavyovitaka na kuruka vingine. Jaza vyote tisa, hata vile vinavyouma.

Geuza visanduku kuwa asilimia

Visanduku tisa havina uzito sawa. Kuhesabu kwamba timu imo katika vitatu kati ya tisa kisha kusema ina asilimia 33 ni kosa kubwa. Gawa kila mechi mafungu kumi.

Kwa mechi ya Simba na Vita, tuseme: Simba 5, sare 3, Vita 2. Kwa Al Ahly na Saoura: Al Ahly 7, sare 2, Saoura 1. Ni makadirio ya kuonyeshea njia tu. Wewe weka yako. Kisha zidisha mafungu ya mechi mbili, na kila kisanduku kinakuwa na asilimia yake. Simba kushinda na Al Ahly kushinda ni 5 × 7 = 35. Simba kushinda na sare ya Misri ni 5 × 2 = 10. Endelea hadi tisa. Jumla yake lazima iwe 100.

Sasa kusanya kwa kila timu visanduku inamopita:

– Al Ahly: akishinda anapita daima (70), akitoka sare anahitaji na Dar iwe sare (2 × 3 = 6). Jumla 76.
– Saoura: sare au ushindi unamtosha (30), akifungwa anaomba Dar iwe sare (7 × 3 = 21). Jumla 51.
– Simba: 50.
– Vita: ushindi (20), au sare pamoja na Saoura kushinda Misri (3 × 1 = 3). Jumla 23.

Zijumlishe: 76 + 51 + 50 + 23 = 200. Nafasi ni mbili, kwa hiyo jumla ya timu nne lazima iwe 200. Ukipata 190 au 215, kuna kisanduku umekosea, rudi utafute. Hiki ndicho kipimo bora cha kujikagua, na wachache wanakitumia.

Tazama pia kilichojitokeza: kwa makadirio hayo, kinara wa kundi na timu ya mwisho wanatofautiana kwa asilimia moja. Mmoja alikuwa anakwenda kwa Al Ahly, mwingine alikuwa kwake.

Kama huamini jicho lako katika kugawa mafungu, na wengi tusiliamini timu yetu inapocheza, chukua odi za kampuni za kubashiri, yaani namba zinazoonyesha dau litazidishwa mara ngapi ukipatia. Huna haja ya kuweka hata shilingi. Gawanya 1 kwa kila odi. Odi za 2.00, 3.20 na 3.80 zinatoa 0.50, 0.31 na 0.26. Jumla yake ni 1.07 na ushei, kwa sababu kampuni imeweka faida yake ndani. Gawanya kila namba kwa jumla hiyo na utapata kama asilimia 46 na nusu, 29 na 24 na nusu. Ni makadirio ya watu wasiojali nani anavaa nyekundu na nani kijani.

Ukitaka kugawa mwenyewe, anza na nyumbani na ugenini, kwa sababu kwa soka la Afrika pengo ni kubwa. Simba ya 2019 ilishinda zote tatu nyumbani na kufungwa zote tatu ugenini, mabao 6-1 huku na 0-12 kule. Baada ya hapo tazama kadi za njano zilizolimbikizwa, majeruhi, na kama mpinzani ana cha kupigania. Timu iliyokwishafuzu hupumzisha watu, na mafungu yake yapunguze.

Siku yenyewe

Mechi mbili za mwisho za kundi huanza wakati mmoja ili asiwepo anayecheza akijua matokeo ya mwenzake. Weka karatasi ya visanduku mbele yako, na kila bao linapoingia sogeza kidole kwenye kisanduku kinachohusika. Usipige hesabu upya, ulishazipiga. Kama majibu yanategemea idadi ya mabao, andika kabla ndani ya kisanduku: "3-0 haitoshi", "bao lao moja linatudai mawili". Dakika ya 80 si wakati wa kuanza kubishana kanuni.

Ongeza safu moja zaidi: nafasi ya kwanza. Katika robo fainali, vinara hukutana na washindi wa pili wa makundi mengine, na kinara humalizia nyumbani. Simba ya 2019 ilipita ikiwa ya pili, ikaanzia Dar kwa 0-0 na TP Mazembe, ikaenda kumalizia Lubumbashi na kufungwa 4-1. Kwa visanduku vile vile, ingeongoza kundi endapo ingeshinda na Misri ikawa sare: ingekuwa na 9 sawa na Saoura, na kwa wao kwa wao ushindi wake wa 3-0 nyumbani unazidi kipigo cha 2-0 ugenini. Kisanduku hicho kilikuwa na 5 × 2, yaani asilimia 10.